Hamisheni Kitanda Kwanza

Mbukwenyi, mhariri na wasomaji wenzangu.

Swali lenu la wiki hii, "Mti mkongwe wa nyumbani ukianza kutishia nyumba, uukate au uuache?", limenikuta nachambua mlenda, na mlenda wenyewe nimeuacha kwenye ungo. Jibu langu ni kata. Mti ni mti na mtu ni mtu. Mungu hakutuagiza tulale chini ya tawi lililooza ili tuonekane tunapenda mazingira. Sisi kwetu Mvumi tuliukata mkwaju ambao hakuna mtu hai katika ukoo aliyeujua ukiwa mdogo, na ninayaandika haya bila kuogopa.

Lakini kukata ni kazi ya asubuhi moja. Kijana mwenye mashine anaanza umande haujakauka, na jua likifika utosini anakunja kamba zake. Kilichotusumbua sisi ni kuuaga. Hilo hamkuliuliza, ila ndilo lililonichoma, na ndilo nitakalolijibu.

Wazee walitusimulia kwamba mkwaju ule ulikuwa tayari mti mkubwa wakati wa Mtunya, njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920 iliyomaliza watu Ugogo. Operesheni Dodoma ilipokuja mwaka 1971, watu wakahamishwa kuingizwa kwenye vijiji vya ujamaa, babu aliomba jambo moja tu: eneo lake liwe hapo penye mkwaju. Akapewa, akajenga tembe. Baadaye baba alilibomoa akajenga nyumba ya bati, na akaisogeza karibu kabisa na mti. Aliyewahi kukaa Dodoma mwezi wa Oktoba hahitaji kuelezwa kwa nini. Miti mingine imebaki fito, ardhi inaunguza nyayo, na mkwaju bado una kivuli.

Chini ya kivuli hicho ndipo mtaa wetu wa kanisa ulipoanzia. Kabla hatujawa na jengo, katekista alifundishia pale watoto wa ubatizo, na kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi la upande wa nyumba, ikigongwa kwa nondo. Mbuzi walilala pale hadi mwaka 1986, mifugo ilipoondolewa Mvumi katika HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, ili makorongo yapone. Baba alikaa siku nyingi chini ya mkwaju akilitazama zizi tupu. Nilikuwa msichana, nakumbuka mama akimpelekea uji wa ukwaju pale pale na kuondoka bila kusema neno.

Basi mchwa wakaingia. Shina likawa na uwazi, nyuki wakahamia ndani, na lile tawi la kengele, ambalo lilikuwa nene kupita mapipa, likaanza kulia usiku wakati wa upepo wa kiangazi. Chini yake, ukutani kabisa, ndipo mama alipolala. Kaka yetu mkubwa yuko Dar es Salaam. Aliposikia, alituma fedha siku ile ile na kuagiza mti uangushwe. Kibali kilipatikana. Mama akasema, "Ngojeni."

Hakusema tungoje nini. Tukahamisha kitanda chake kwenda chumba cha upande wa pili, na mvua za msimu zikaanza Desemba mti ukiwa umesimama.

Miezi hiyo yote familia ilikuwa inabishana. Mjomba, kaka yake mama, alitaka ipikwe pombe ya mtama, wazee waambiwe kwamba mti wao unaondoka. Kwa mjomba hilo halikuwa jambo la kuchagua. Mchungaji wetu akasema kwa upole kwamba kitabu chetu cha ibada hakina sala ya kuzika mti, na kwamba vijana wakituona tumeuzunguka mkwaju kwa nyimbo watashindwa kutofautisha. Nilikuwa upande wa mchungaji, na wasiwasi wake ulikuwa na mizizi. Wagogo tunajua tulikotoka. Mvua iliombwa kwa mtemi mwenye mawe yake, na kulikuwa na miti ambayo hukuipitia ovyo. Mtu ambaye bibi yake aliacha hayo kwa machozi siku ya kubatizwa hawezi kuyachukulia kama mapambo ya utamaduni.

Hata hivyo Biblia yetu ya Kiswahili inasema Ibrahimu alipanda mkwaju kule Beer-sheba, akaliitia hapo jina la Bwana. Na mifupa ya Sauli na wanawe ilizikwa chini ya mkwaju huko Yabeshi. Nilimsomea mjomba mistari hiyo nikidhani nitamnyamazisha. Akanijibu, "Sasa mnanikataza nini?" Sikuwa na jibu zuri.

Mvua zikaisha, mtama ukavunwa. Siku moja mama akasema, "Waiteni vijana waje Jumamosi." Nyuki walihamishwa usiku wa kuamkia siku hiyo kwa moshi, na mzee wa jirani anayejua mizinga.

Asubuhi nilimkuta mama ameshavaa sare ya umoja wa akina mama, ile anayoivaa Pasaka na misibani. Majirani walikuja wenyewe, hakuna aliyealikwa. Mchungaji alikuja, akasimama kando pamoja na mjomba, wote wawili wamefunga mikono nyuma. Kijana mwenye mashine alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, amevaa kofia yake, na alikuwa ameshaanza kuiwasha. Mama akamwomba aizime. Akatoa kigoda ndani, akakiweka chini ya mti, akakaa. Alikaa akiupa mti mgongo, uso wake kwetu. Hakueleza kwa nini amekaa hivyo, lakini mchungaji alielewa, nikaona amefungua mikono.

Mama akaanza kusema na Mulungu kwa Kigogo. Halikuwa ombi. Alikuwa anamtajia Mungu mambo yaliyotokea pale. Alianza na siku aliyoletwa akiwa bibi harusi, akakalishwa kwenye mkeka chini ya mkwaju, akaogopa wakwe. Akasema, "Uliona." Akataja mwaka wa njaa alipochemsha majani machanga ya mkwaju yakawa mboga, watoto tukala. "Uliona." Akamtaja mtoto wake aliyetangulia kabla yangu, ambaye surua ilimchukua, na jinsi yeye alivyoegemea shina lile usiku kucha kwa sababu ndani ya nyumba hakukuwa na hewa. Jina la mtoto huyo nilikuwa nimelisikia kwa shangazi tu, sijawahi kulisikia kinywani mwa mama. Alilitaja mara mbili.

Akaendelea. Magunia ya ukwaju aliyoyapakia kwenye basi kwenda soko la Majengo, na madaftari na sare za shule zilizorudi nayo. Siku rimu ilipogongwa kwa mara ya kwanza, mama mkwe wake, aliyekuwa hataki habari za kanisa, akatoka nje akauliza kuna nini. Kisha akasema jambo ambalo wengi hawakulitegemea: kwamba chini ya mti ule aliwahi kumsemea mama mkwe huyo maneno mabaya, peke yake, kwa miaka, na kwamba mti ukiondoka asingependa maneno yale yabaki hewani, basi Mungu ayafute. Wanawake wa umri wake waliinamisha vichwa. Nadhani kila mmoja alikuwa na mti wake moyoni.

Mwisho akataja siku ya baba. Jeneza liliwekwa pale, kwenye kivuli, watu wakiaga. Hapo sauti ilimpotea. Tulisubiri. Mjomba alikuwa amevua kofia. Yule kijana wa Kondoa alikuwa amefungua viganja vyake kifuani, midomo inacheza, anaomba dua kwa njia yake, na hakuna aliyeona kuwa ni ajabu. Mama alipomaliza alisema "Amina", nasi tukaitika.

Kisha akainuka, akageuka, akaweka kiganja kwenye gome, akauambia mti wenyewe, "Ahsante." Neno hilo moja tu. Akaingia ndani na hakutoka hadi mti ulipolala.

Neno hilo lilinikera, nakiri. Yale yote ya kwanza niliyakubali, lakini mtu wa imani kuuambia mti ahsante! Nilikaa nalo muda mrefu. Nalo limebaki kwangu hadi usiku huu ninapowaandikia, na nimekwenda kuichukua Biblia kutazama Zaburi ya 148. Pale mtunga zaburi anasema na milima na vilima, miti yenye matunda na mierezi yote, anawaambia wamsifu Bwana. Anasema nayo moja kwa moja, kama mtu anavyosema na wanakwaya wenzake. Kama Neno lenyewe linaugeukia mti wenye matunda na kuuambia sifu, basi mama yangu kuugeukia mti uleule na kuuambia ahsante hakuabudu kitu. Alimuaga aliyeimba naye. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya hapo juu, kwamba mti ni mti, naiacha ilivyo, ila sasa ina mipaka.

Mti ule ulikuwa mgumu mno, walibadilisha minyororo ya mashine. Pale palipokuwa pazima pamechongwa vinu na michi, na mabinti wa nyumba tumegawiwa. Mama alikataa mkaa. Kisiki hatukuking'oa. Wale mliosikia mafunzo ya Kisiki Hai vijijini kwetu mnajua habari yake: machipukizi yanatoka mengi, unachagua machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unafunga kitambaa kuwa alama, unayalinda na mbuzi. Ayubu alilisema kabla ya wataalamu, kwamba kuna matumaini ya mti ukikatwa. Machipukizi yapo. Kaka anataka eneo lile kwa ajili ya tangi la maji, na hilo bado tunalizungumza.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Nilipoanza nilisema kata. Lakini nikiitazama habari niliyoisimulia, kama tungekata siku ile fedha zilipofika kutoka Dar, mti ungeanguka vilevile na nyumba ingepona vilevile, ila jina la yule mtoto lisingetajwa na mama angebaki nayo yote kifuani. Uzee wa mti si wa aliyelipia mashine. Ni wa yule aliyelia chini yake, na yeye ndiye mwenye neno la lini.

Kwa hiyo kura yangu naihamishia upande wa "uuache". Uuache kwa muda, si milele. Hamisheni kitanda kwenda upande wa pili wa nyumba, fungeni njia watoto wasipite chini ya tawi, na kama tawi moja tu ndilo lenye hatari basi liondoeni hilo kwanza. Halafu mngojeni mzee wenu aseme Jumamosi ipi. Hili sisemi kwa shule wala zahanati, ambako mti ukiyumba ukatwe leo. Wala sisemi kwa nyumba ya chumba kimoja isiyo na pa kuhamishia kitanda. Na kama ufa umefika shinani na miezi ya upepo imeshaingia, msingoje mtu. Kateni, muage baadaye hata kwenye kisiki, Mungu atasikia. Kwa waliobaki wote, mhariri, nihesabu kwenye kuuacha.

Msomaji wenu,
Mvumi, Dodoma