Dume la zizini

Swali la wiki hii lilikuwa: neno "machismo" lina maana gani, na asili yake ni wapi? Naomba kulijibu, maana neno hili nalisikia kazini. Natembeza wageni kwenye mashamba ya viungo Unguja, na kundi langu mara nyingi ni la wasemao Kihispania.

Siku moja mama wa Mexico alisimama chini ya mgomba wa mzuzu akapiga makofi: "Plátano macho!" Kumbe kwao ndizi ya kupika, ile nene na ngumu, huitwa ndizi dume. Hapo ndipo neno liliponikaa. Macho (si haya ya kuonea) ni dume basi: beberu, jogoo, hata mpapai usiozaa. Limetokana na Kilatini, masculus. Mwanamume kwa Kihispania ni hombre au varón. Macho ni wa zizini. Nasi hufanya vivyo hivyo: mtu ana jina lake la heshima, mwanamume, tunamvua na kumpa la wanyama, dume, naye anavimba kichwa! Ukiongeza -ismo, udume unakuwa imani kamili: mume hali​i, haombi radhi, anamtawala mkewe kwa mkono, na watoto wa nje anawahesabu kama nishani.

Wengi huamini hiyo ni jadi ya kale ya Mexico. Mimi nakataa, na aliyenifungua ni Américo Paredes, mtaalamu wa fasihi simulizi aliyezaliwa Texas, Marekani, mwaka 1915, mpakani kabisa na Mexico. Alizipekua corrido, nyimbo za masimulizi za mpakani na za Mapinduzi ya 1910. Shujaa humo husifiwa kuwa "muy hombre", mwanamume kwelikweli, au valiente, jasiri. Kumwita macho haikuwa desturi. Neno lilivuma miaka ya 1940, zama za Rais Manuel Ávila Camacho. Tazama jina hilo linavyoishia: watunzi walipata kina bila jasho. Sinema za wapanda farasi wenye sharubu na bastola zikamalizia kazi. Kwa hiyo anayempiga mkewe akasingizia mila za mababu, mababu hao wanasingiziwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Matthew Gutmann aliishi mtaa wa Santo Domingo, Mexico City. Wazee walimweleza kwamba macho ni anayeilisha nyumba yake. Vijana wengi hawakulitaka jina hilo, kwao lilinuka kipigo. Wala hawakutaka kuitwa mandilón, mvaa aproni, yaani aliyekaliwa na mkewe.

Yule mama nilimuuliza kama mumewe ni macho. Kicheko kikakatika.

"Mume wangu hapana," akasema. "Baba yangu alikuwa." Kisha akaniomba twende kwenye mdalasini.