Neno «port»: bandari, kushoto au mvinyo?

SWALI: Mhariri, mimi ni karani wa mizigo hapa Kilindini. Mabaharia wa kigeni huiita bandari «port», kisha hulitumia neno hilo hilo kwa ubavu wa kushoto wa meli. Je, ni neno moja? – Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, maana hizo mbili ni jamaa wa karibu. Neno la bandari limetoka katika Kilatini «portus», na ule ubavu wa kushoto ukapewa jina hilo kwa sababu zamani meli za Ulaya ziliendeshwa kwa kasia kubwa lililofungwa upande wa kulia karibu na tezi, hivyo nahodha alilazimika kuegesha kwa kushoto ili kasia lisigonge gati. Waingereza waliuita upande huo «larboard», jina lililofanana mno na «starboard», yaani kulia. Na kwa kuwa amri inayosikika vibaya katikati ya dhoruba ni hatari, mwaka 1844 jeshi lao la majini liliagiza litumike «port» peke yake.

Tundu la data kwenye kompyuta nalo huitwa «port», jina litokanalo na «porta», yaani lango, na mvinyo wenye jina hilo umeitwa kwa mji wa Porto, Ureno.

Sisi nasi tuliazima: «bandari» ni neno la Kiajemi, ingawa Kilindini, penye kilindi cha maji, ni Kiswahili chetu wenyewe.