Dakika 5 za kumkumbuka aliyekulea kiroho

SWALI: Mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma Biblia na kuongoza maombi amefariki. Familia imeniomba nizungumze kwa dakika 5 kwenye ibada ya mazishi. Niseme nini ambacho wasifu wake hautasema? Na nikishikwa na kilio nifanyeje?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kwanza iombe familia nakala ya wasifu. Tarehe, elimu, vyeo na watoto vimo humo; usivirudie. Wewe umeitwa kushuhudia malezi yake, kwa hiyo simulia matendo. Katika Matendo 9:39, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizozishona Dorkasi, mwanamke aliyekuwa amefariki, huku wakilia. “Alikuwa mnyenyekevu” husemwa kwa kila marehemu. Lakini ukieleza kwamba alikuachia somo, akaketi nyuma kabisa kama msikilizaji, kisha akakusahihisha faraghani, unyenyekevu wake utaonekana bila kutajwa. Matukio mawili ya namna hiyo yanatosha. Ukiweka manne, la mwisho utalikimbiza, na mara nyingi ndilo ulilolihifadhi kwa kuwa ni bora.

Kuna kosa linaloumiza kuliko yote: kutoa siri. Aliyokuambia kuhusu waumini wengine yaache kabisa. Hata kisa cha jinsi alivyopatanisha ndoa, bila kutaja jina, kitawafanya watu wageuze shingo kumtafuta mhusika, naye yumo humo ibadani. Siku moja kabla, msomee mtu mmoja wa familia utakachosema. Mahubiri mwachie mchungaji. Mstari mmoja alioupenda marehemu unatosha, pamoja na namna alivyoutumia kukulea.

Andika maneno 450 hivi, kwa sababu mwenye majonzi husoma polepole. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uwe na namba. Usitegemee simu: kioo hujizima ukiwa katikati ya sentensi.

Kuhusu kilio, usijilaumu, umefiwa. Soma kwa sauti nyumbani mara kadhaa, uweke alama kila panapokukaba koo, na hapo ukate sentensi ziwe fupi. Sauti ikikatika mbele ya watu, nyamaza, vuta pumzi, kunywa maji, kisha rudia sentensi nzima tangu mwanzo wake. Usianze kujieleza, maana maneno ya kujieleza hukuandika, nayo ndiyo yatakayokuangusha. Nakala ya pili mpe mtu atakayeketi karibu na mimbari, mkubaliane kabisa kwamba ukimtazama mara mbili, anakuja kumalizia.