Namuona mke wangu hana akili kwa sababu ya tamthilia

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 35, naishi Kisauni, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mke wangu ana miaka 27. Kutwa ni Diamond, usiku ni tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa vitabu na taarabu ya Juma Bhalo. Naamini anayependa kila kinachopendwa na watu wote hana fikra zake mwenyewe. Mke huyu amemharibu hata mama yangu, siku hizi wanatazama pamoja, na mke hupiga kelele akimsimulia mama kila anayeingia kwenye tamthilia. Mwenzangu kazini, tunayeelewana sana kwa muziki na vitabu, anasema ndoa isiyo na ladha moja haidumu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Kumwona mgeni mtu unayelala naye kitanda kimoja kunaumiza, pole. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha, lakini unajua ulichoandika. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa la mkeo. Hukusema hapiki. Hukusema mtoto analala njaa, wala ati anakutukana. Kosa ni rimoti tu. Katikati ya malalamiko ukapenyeza kwamba mamako ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na yuko kwako tangu Ramadhani iliyopita. Ukaliruka hilo haraka, ukarudi kwenye kelele.

Hebu tuisikilize hiyo kelele. Bi kizee amekaa mkekani, mbele yake ni mwanga na vivuli. Sauti anazisikia, nyuso hazioni. Mkeo yuko ubavuni mwake, mtoto mapajani, anamwambia: "Mama, sasa kaingia yule mkubwa, kavaa nyeusi, kasimama mlangoni hasemi kitu." Mwanangu, huko ni kumwazima mtu macho. Wewe uliyesoma vitabu vingi ulikuwa chumba cha pili, umefunga mlango. Kati yenu wawili, nani mwenye akili? Mimi niko upande wa mkeo, na ningekuwa mamako ningekwambia hivyo uso kwa uso.

Sasa hiyo taarabu unayojivunia. Marehemu Juma Bhalo nampenda kukushinda, na alipofariki mwaka 2014 nililia. Lakini yeye na Maulidi Juma walitamba hapa Mombasa kwa kuchukua mahadhi ya nyimbo za sinema za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Na sinema hizo zilikuwa za watu wote. Mpagazi alizitazama, bibi harusi alizitazama, na mimi mtoto nilishikwa mkono nikapangwa foleni ya tiketi. Ami yangu, mtu wa vyuo na vitabu vya Kiarabu, alikuwa akisema wanaoimba kwa sauti ya Kihindi ni watu wa vichwa vitupu. Leo nyimbo zizo hizo ndizo unazozifanya kipimo cha kumdharau mke. Hata Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi, alidharauliwa na wenye kujiona. Kupendwa na wengi hakukumpunguzia chochote.

Na hili nawaambia vijana wote, si wewe peke yako. Siku hizi mtu akitaka kuoa anauliza: unasikiliza nani, unatazama nini? Zamani mshenga alianzia dukani mtaani. Aliuliza kama kijana hulipa deni lake bila kukumbushwa, anasemaje na mamake, akikasirika hufanya nini. Binti naye aliulizwa kwa majirani, na wazee wake nao wakaulizwa. Hakuna aliyeuliza nyimbo. Mchagua nazi hupata koroma, na nyinyi mnazichagua kwa rangi ya maganda. Nimeona waume waliojua mashairi kwa moyo wakawapiga wake zao. Nimeona pia kijana wa tuktuk asiyejua ila ngoma za harusini, akamuuguza mkewe miaka bila kunung'unika.

Tuje kwa "mwenzangu kazini". Umemtaja mara tano kwenye barua nzima, mkeo umemtaja kwa jina mara moja. Hukusema ni mwanamume au mwanamke, na hukuhitaji kusema. Ulimwoa mkeo akizipenda nyimbo hizi hizi. Mwenyewe umeandika kwamba kwenye harusi alicheza mpaka viatu vikamvuka. Wakati ule ulicheka. Kwa hiyo aliyebadilika si yeye. Penye urembo ndipo penye urimbo, na wewe mguu mmoja umeshanasa. Mazungumzo ya vitabu na mtu huyo yakome wiki hii. Salamu za kazi zinatosha.

Jioni ukitoka kazini pitia Kongowea, ununue machungwa. Ukifika, kaa mkekani upande wa pili wa mamako, uyamenye. Mkeo akinyamaza kwa kukuona, mwambie aendelee kusimulia.

Kisha mpeleke mamako kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi hurudi nyumbani siku ileile. Ungekuwa umeshauliza hilo zamani, lakini ulikuwa ukishtakia kelele.