Chanjo za Mtoto: Majibu ya Maswali Yenu

Mwanangu ana miezi 7. Alichanjwa alipozaliwa na alipotimiza wiki 6, kisha nikauguliwa na mama yangu na sikurudi kliniki. Je, aanze upya?

Haanzi upya, mama. Dozi aliyokwisha kuipata inahesabika hata ukipita mwaka, kwa sababu mwili hausahau. Mpeleke wiki hii na kadi yake. Ile sindano inayokinga kwa pamoja dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib (bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), ambayo katika ratiba nyingi hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, atachomwa ya pili sasa na ya tatu baada ya wiki 4 au zaidi. Msizipunguze wiki hizo ili kufidia muda uliopotea: dozi iliyowahi mno hujenga kinga hafifu na huenda ikabidi irudiwe. Sindano ya nimonia na chanjo ya polio anaweza kupewa siku hiyohiyo. Matone ya rota (virusi vya kuharisha) ndiyo ya kuuliza haraka, maana baadhi ya nchi haziyatoi mtoto akishavuka miezi 8.

Mafua mepesi au kuharisha kidogo kusiwe sababu ya kuahirisha tena. Kifaduro huua zaidi watoto wachanga, na kila wiki anayokaa bila dozi ni wiki ya hatari.

Nimpe mtoto parasetamoli kabla ya sindano ili asipate homa?

Hapana. Ikitolewa kabla, imeonekana kupunguza kinga inayotokana na baadhi ya chanjo. Chanjo ya uti wa mgongo ya kundi B ni tofauti, na hapo mhudumu atakuelekeza. Homa ikija na mtoto akakosa raha, kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hupewa mililita 4. Soma chupa kwanza, kwani nguvu za dawa hizi hutofautiana. Asiyefikisha miezi 3 aonwe na mhudumu kabla ya kupewa chochote, na aspirini asipewe mtoto kabisa.

Homa ya chanjo ya surua huchelewa, huja kati ya siku ya 5 na ya 12, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni ugonjwa mwingine. Degedege, kuvimba uso, kupumua kwa shida au kulia mfululizo zaidi ya saa 3: hospitali mara moja.

Nimeorodheshewa chanjo za hiari: mafua, tetekuwanga, homa ya ini A na taifodi. Zina umuhimu?

Neno "hiari" lisikupotoshe. Linaeleza tu kwamba haimo katika ratiba ya nchi husika. Tetekuwanga, kwa mfano, ni chanjo ya kawaida Marekani tangu miaka ya 1990. Sisi tungeanza na mafua kwa mtoto mwenye pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo: kuanzia miezi 6, dozi mbili mara ya kwanza kwa kupishana wiki 4, kisha moja kila mwaka, kwani virusi hubadilika. Tetekuwanga humwelemea zaidi kijana na mtu mzima, hivyo anayekaribia kubalehe bila kuugua asiachwe. Homa ya ini A mtoto mdogo aghalabu huipata bila dalili. Chanjo yake ina faida zaidi pale ambapo maji na usafi vimeboreka, watoto wakakua bila kuambukizwa. Kwa taifodi, uliza aina: mpya hutolewa kuanzia miezi 6, ya zamani haifai chini ya miaka 2.

Tetekuwanga, surua na homa ya manjano zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Zitolewe siku moja, au zipishane wiki 4. Kosa hutokea mtoto anapochanjwa vituo viwili vyenye kadi mbili, kila kimoja kisijue cha mwenzake. Zote ziandikwe kwenye kadi moja.

Kidonda cha BCG (chanjo ya kifua kikuu) kinatoa usaha. Nipake dawa?

Usipake, usikamue, usifunge plasta. Hutokea wiki chache baada ya sindano na hukauka chenyewe, kikaacha kovu. Asiyepata kovu harudiwi. Tezi za kwapa zikivimba sana au zikipasuka, mrudishe kliniki.