Kwanza weka mkono tumboni: kwa muuguzi anayejiandaa na NCLEX

Mdogo wangu, mara ya kwanza nilipofanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, nilikuwa na miaka sita ya kazi wodi ya wazazi, na nilifeli. Maarifa nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kutambua swali linaniuliza nini. Sheria ilinitaka nisubiri siku 45 kabla ya kurudia, na siku hizo ndizo zilizonifundisha haya.

Maswali yenyewe siwezi kukusimulia, maana kila mtahiniwa hukubali kutoyatoa nje. Basi twende wodini, mahali unapopajua.

Mama amejifungua saa moja iliyopita, mtoto wa tatu. Pedi imelowa chapachapa ndani ya dakika 15. Presha 108/64, mapigo 122. Ukiweka mkono tumboni, mfuko wa uzazi ni mlaini, umepanda juu ya kitovu na umeegemea kulia. Utafanya nini kwanza: umpigie daktari, upime presha tena, umpe dawa ya maumivu, au usugue mfuko wa uzazi?

Wengi huiona presha iko sawa, wakatulia. Hapo ndipo tunapopoteza akina mama. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kumwaga damu nyingi kabla presha haijashuka, na mapigo ndiyo hutangulia kusema. Mfuko mlaini haujikazi, kwa hiyo mishipa pale kondo lilipobanduka bado iko wazi. Unausugua mpaka ugumu chini ya kiganja, mkono wako wa pili ukiushikilia juu tu ya mfupa wa kinena. Na ule kuegemea kulia? Ni kibofu kimejaa, kinausukuma mfuko na kuuzuia kujikaza. Mama akojoe, au uweke katheta. Daktari ataitwa, ila mwenzako ndiye aite, mkono wako usitoke tumboni. Kisha unaangalia tena: umekaza? Damu imepungua?

Kisa hicho kimoja kina kila kitu ambacho mtihani unapima tangu ulipobadilishwa Aprili 2023: kuona dalili zenye uzito, kuzielewa, kuamua hatari ipi iko mbele, kufikiria la kufanya, kulifanya, na kutazama kama limesaidia. Utapewa kesi tatu, kila moja na maswali sita yanayofuata njia hiyohiyo. Ukisoma kwa kukariri majina ya magonjwa, utakwama kwenye hatua ya pili.

Chukua magnesiamu salfeti, dawa tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba kuzuia degedege. Sote tunakariri kwamba dawa ya kuondoa sumu yake ni kalsiamu glukonati. Sawa, lakini utajuaje kwamba sumu imeanza? Unagonga goti na mguu hauruki. Hilo hutangulia, kabla pumzi hazijapungua. Mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, dawa haina pa kutokea, inajikusanya mwilini. Hatua ya kwanza ni kuifunga dripu. Nilikuwa nakimbilia kalsiamu kila mara, wakati sumu bado inaingia kwenye mshipa.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kugawa kazi. Kwetu muuguzi mmoja hubeba wodi nzima, na ndugu ndio wanaomwogesha na kumlisha mgonjwa. Mtihani ni wa Marekani: kuna RN (muuguzi aliyesajiliwa), LPN (muuguzi wa ngazi ya chini yake) na msaidizi, nawe unaulizwa nani afanye nini. Msaidizi anaweza kuogesha, kumtembeza na kumpima joto mgonjwa aliyetulia. Tathmini ya kwanza, kumfundisha mgonjwa na kuamua kama matibabu yamefaa ni kazi za RN. Aliyetoka chumba cha upasuaji sasa hivi hapewi msaidizi, hata kama kazi ni kupima presha tu. Usijibu kwa uhaba tuliouzoea. Katika hospitali ya mtihani vifaa vipo na watu wapo.

Vipimo navyo uvizoee mapema. Sukari wanaiandika kwa mg/dL. Ukiona 54, gawanya kwa 18 upate 3.0 kwa mmol/L, na mgonjwa huyo anahitaji sukari sasa hivi. Paracetamol wanaiita acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Na kwenye maswali ya kuchagua yote yanayofaa, jibu baya linakula alama ya jibu zuri, kwa hiyo usiweke tiki kwa kubahatisha.

Ukifanya mazoezi, maswali 40 uliyoyachambua yanafaa kuliko 200 uliyoyapita mbio. Kila ulilokosa, andika kwa mkono ni dalili gani uliiona ukaipuuza. Daftari langu lilijaa neno moja: mapigo.

Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, nayo inaweza kusimama swali la 85 au ikakupeleka hadi la 150, ndani ya saa tano. Nilipofeli, baada ya la 85 nilianza kuhesabu, nikawa nasoma kila swali nusu. Mara ya pili, kila swali lilipofunguka niliweka kwanza kiganja mezani, kama ninavyokiweka tumboni kwa mama, nikasoma umri, muda na mapigo, ndipo nikayatazama majibu.