Maswali yenu kuhusu kipimo cha CRP

Wiki hii wengi mmeniuliza kitu kimoja: umepewa karatasi ya maabara dirishani, umerudi nayo nyumbani, hakuna aliyekueleza. Nafanya kazi maabara hapa Dar, kwa hiyo nawajibu mmoja mmoja.

*Mwanangu wa miaka 4 amechemka usiku kucha. Zahanati wamepima, malaria hamna, CRP ni 38. Jirani anasema ninunue antibayotiki duka la dawa. Ninunue?* (Mama, Mbagala)

Pole sana, mama. Usinunue kwanza. CRP (kwa Kiingereza C-reactive protein) ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na vijidudu, jeraha, au ugonjwa unaofanya mwili ujishambulie wenyewe. Mtu mwenye afya huwa chini ya 5 au 10 mg/L (miligramu kwa lita moja ya damu), kutegemea maabara. Hiyo 38 inasema mwili umeshtuka. Haisemi umeshtushwa na nini, wala wapi. Virusi vya mafua tu vinaweza kumfikisha mtoto hapo. Ikivuka 100 ndipo tunawafikiria bakteria kwa uzito zaidi, ingawa malaria nayo huipandisha vilevile, na ndiyo maana zahanati walifanya vizuri kuanza na malaria. Mrudishe akaguliwe masikio, koo, kifua, na mkojo upimwe. Akipumua harakaharaka, akikataa kunywa, akilegea au akipata degedege, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche.

*Nimepima Tabata nikapata 24. Siku hiyohiyo Kariakoo wakanipa 2.4. Nani kanidanganya?* (Kaka, Tabata)

Hakuna aliyekudanganya, kaka. Chukua karatasi zote mbili utazame herufi ndogo zilizo pembeni ya namba. Moja utakuta ni mg/L, nyingine mg/dL, yaani miligramu kwa desilita. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo 2.4 mg/dL ukizidisha mara 10 unapata 24 mg/L. Majibu ni yaleyale.

Hili naomba mlishike. Mama mmoja alifika dirishani kwetu na karatasi ameikunja mara nne, anamshukuru Mungu kwamba CRP ya mumewe imeshuka kutoka 90 hadi 11. Nikaikunjua. Ile 90 ilikuwa mg/L, na ile 11 ilikuwa mg/dL, yaani 110. Ilikuwa imepanda. Tukamrudisha kwa daktari palepale. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Sisi tunaotoa majibu ndio tunaopaswa kuitaja uniti kwa mdomo, kila mara.

*Baba amelazwa, ana nimonia. Jumatatu CRP ilikuwa 164, Jumatano 71. Bado iko juu. Dawa zinafanya kazi kweli?* (Dada, Kinondoni)

Kwa namba hizo, dada, inaelekea zinafanya kazi. CRP huanza kupanda saa 6 hivi tangu mwili ushtuke, hufika kileleni kama siku ya pili, na chanzo kikidhibitiwa hupungua kwa nusu karibu kila saa 19. Kwa hiyo usiitazame 71 peke yake, tazama ilikotoka. Kama na homa imetulia na anapumua vizuri kuliko juzi, shukuruni. Ila dozi amalize kama daktari alivyoandika, hata namba ikifika 5.

*Kijana wangu anasema hiyo C ni ya kansa. Sijalala tangu jana.* (Mzee, Kigamboni)

Shikamoo mzee wangu. Lala. Mwaka 1930 huko New York, William Tillett na Thomas Francis waliiona protini hii katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ilikuwa inashikamana na kitu kilichomo kwenye ngozi ya bakteria wa nimonia, walichokiita C, na jina likabaki hivyo. Saratani inaweza kuipandisha, lakini hata jino bovu linaipandisha, na kifua kikuu, na baridi yabisi, na operesheni ya juzi. Unene na sigara huisukuma juu kidogo. Hakuna daktari anayetambua saratani kwa CRP.

*Kesho napima. Niende bila kunywa chai?* (Ubungo)

Kwa CRP peke yake, kunywa chai yako. Kama kwenye fomu kuna sukari au mafuta ya damu, uliza kwanza. Na beba karatasi ya zamani.